Nguzo zilizolazwa

"Mwanangu, hayo maduara ni ya nini?"

Ilikuwa sauti ya Baba kwenye WhatsApp, kutoka Mombasa, saa nne usiku. Nilikuwa nimemtumia picha ya Bab al-Nasr, lango la kaskazini la mji wa kale wa Kairo. Mbele ya lango amesimama mdogo wangu kwa kanzu yake nyeupe, miaka mitatu sasa anasoma Azhar. Nilitaraji Baba aseme kijana amekonda. Au azungumzie ngao, maana picha ile niliipiga kwa ajili ya ngao: zimechongwa kwenye jiwe juu ya minara miwili ya mraba, nyingine za mviringo, nyingine ndefu zenye ncha upande wa chini, na panga pamoja nazo.

Aliuliza maduara.

Nikaivuta picha kwa vidole viwili. Kweli. Chini ya ngao, katikati ya mawe ya mraba yaliyopangwa safu juu ya safu, palikuwa na duara la jiwe, kando yake jingine, kisha jingine, yamekaa sawasawa na uso wa ukuta. Nilikuwa nimesimama mbele yake karibu nusu saa na sikuyaona. Baba alikuwa fundi mwashi kwa miaka arubaini, na aliyaona kwenye simu yenye kioo kilichopasuka.

Nikamjibu kwamba sijui.

## Maneno manne

Jioni ileile, tukiwa bado chini ya lango, mdogo wangu alikuwa ameniambia jambo. Malori yalikuwa yakipita nyuma yetu, ikabidi anisogelee sikioni. "Dada, wanasema waliojenga hapa walikuwa Wakristo kutoka Armenia."

Nikaona ajabu. Juu ya vichwa vyetu kulikuwa na mstari wa maandishi ya Kikufi, hati ya kale ya Kiarabu, yenye shahada, na baada ya shahada maneno ya Kishia kwamba Ali ni walii wa Mwenyezi Mungu. Khalifa Mfatimi wa madhehebu ya Kiismaili, tawi la Ushia, raia ambao wengi wao hawakuwa wa madhehebu yake, mafundi Wakristo. Nikaipeleka picha kwenye kundi la familia na maneno manne: "Kazi ya Waarmenia hii."

Ami yangu mmoja akajibu kwamba ndiyo kawaida, kila kizuri cha Waislamu hutafutiwa mwenyewe mwingine. Binamu akauliza, kama hesabu ni hiyo, Fort Jesus pale kwetu ni ya nani? Mwingine akasema ni ya Wareno, ijulikane hivyo. Mwishowe mtu akatuma dua ya kulala na mazungumzo yakaishia hapo.

Kwangu hayakuishia. Nilirudi Mombasa, wiki tatu zikapita, na bado maneno manne yalikuwa yakinikera. Sikuona uongo ndani yake. Lakini yalikaa kama jiwe lililopangwa bila timazi, unalipita kila siku na kila siku jicho linakwenda palepale.

Nikaanza kusoma.

## Mji wenye ukuta wa udongo

Ukuta wa kwanza wa Kairo, ule wa mwaka 969 wa jemadari Jawhar, ulikuwa wa matofali ya udongo. Miaka mia baadaye mji ulikuwa umepita nje yake. Hata msikiti mkubwa wa al-Hakim ulikuwa nje ya ukuta. Kisha ikaja njaa ya miaka saba, kuanzia 1065. Askari wa Khalifa al-Mustansir walipigana wenyewe kwa wenyewe, na hazina ya jumba lake ikaporwa.

Mwaka 1073 khalifa akamwandikia gavana wake wa Akka, kwenye pwani ya Palestina, aje amwokoe. Jina la gavana huyo ni Badr al-Jamali. Alikuwa Muarmenia aliyewahi kuwa mtumwa, na hilo jina "al-Jamali" ni la bwana aliyemmiliki, Jamal al-Dawla. Badr alikuja kwa bahari wakati wa baridi, msimu ambao manahodha hawakusafiri, akaja na askari wake mwenyewe, wengi wao Waarmenia. Akawaangamiza makamanda waliokuwa wakiutafuna mji. Mwaka 1077 akamrudisha nyuma Atsiz, kamanda wa Waturuki aliyekwisha kuchukua Yerusalemu na Damasko na sasa alikuwa amefika karibu na Kairo kabisa.

Mtu aliyeona adui akifika karibu vile hawezi kuuamini ukuta wa udongo. Kazi ya mawe ilianza mwaka 1087 na kwisha 1092. Milango mitatu ya kazi hiyo imesimama mpaka leo: Bab al-Nasr na Bab al-Futuh upande wa kaskazini, Bab Zuwayla kusini.

Nilipofika hapo maneno yangu manne yalikuwa yameanza kuyumba. Badr tumwite nani? Alizaliwa Muarmenia, akauzwa, akawa Muislamu, akajenga msikiti juu ya mlima wa Muqattam, akatawala Misri miaka ishirini mpaka alipofariki mwaka 1094. Nikisema "kazi ya Waarmenia" na yeye ni mmojawapo, nimewaweka upande gani wa ukuta?

## Ndugu watatu

Habari ya mafundi inatoka kwa al-Maqrizi, mwanahistoria wa Kairo. Anasema ndugu watatu walitoka Ruha, mji ambao leo ni Urfa, kusini mwa Uturuki, na kila mmoja akajenga lango lake.

Ndugu watatu, milango mitatu.

Sisi tuliolelewa na ngano tunaijua sauti hiyo. Watoto watatu wa sultani, mitihani mitatu, usiku wa tatu. Na al-Maqrizi aliandika katika karne ya 15, zaidi ya miaka mia tatu baada ya jiwe la mwisho kuwekwa. Kuna mwandishi mwingine wa karibu zaidi na tukio, anayejulikana kama Abu Salih Muarmenia, naye anasema kazi ya ukuta ilisimamiwa na mtawa aitwaye Yohana. Kwa siku kadhaa nilitaka kuitupa habari yote ya Ruha nikasema ni hadithi tu.

Kilichonizuia ni mawe yenyewe. Kairo ya wakati ule ilijengwa zaidi kwa matofali. Ghafla yanatokea mawe yaliyochongwa kwa usawa kiasi kwamba unatafuta kiungo huoni. Ukipita chini ya Bab al-Futuh, paa juu yako ni kuba ya mawe isiyo na kina kirefu, imekalia pembetatu za jiwe zilizopinda zinazoshuka kwenye pembe nne, jinsi mafundi wa Bizanti, dola ya Kirumi ya mashariki, walivyojua kuifanya. Minara imejazwa mawe mpaka theluthi mbili za kimo chake, ili atakayechimba chini asikute chumba. Nyuma ya tao la mbele kuna upenyo juu darini, wa kumwagia walio chini. Mtu hawezi kuamka siku moja mjini Kairo akajua haya yote. Mikono iliyokwisha kuyafanya mahali pengine ilikuja hapa.

Na mwaka 1087, mwaka uleule ulioandikwa juu ya Bab al-Nasr kwa hesabu ya Hijria, 480, ndio mwaka ambao Ruha yenyewe ilichukuliwa na Waturuki wa Kiseljuki. Mji ulikuwa umevutwa huku na huku tangu jeshi la Bizanti lilipovunjwa nao huko Manzikert mwaka 1071. Mafundi wa mawe katika mji kama huo wana sababu nyingi za kufunga zana zao na kuondoka. Nchini Misri waziri mwenye nguvu zote alikuwa mtu anayesema lugha yao.

Basi naamini walikuja. Idadi yao kuwa watatu siishiki.

## Baba anaeleza

Jumamosi moja nilimkuta Baba barazani, nikamwonyesha tena ile picha, safari hii kwenye kompyuta. Akavaa miwani. Akaangalia muda mrefu.

"Ukuta mnene hivi haujengwi mawe matupu," akasema. "Unajenga uso wa nje, unajenga uso wa ndani, katikati unatia kifusi na chokaa. Sasa adui akija na mtaimbo akaubandua uso wa nje, kifusi chote kinamwagika. Ndiyo unatafuta kitu kirefu ukipitishe katikati kishike huku na huku." Akagusa kioo kwa ukucha. "Hayo si maduara, mwanangu. Hizo ni nguzo. Zimelazwa. Unachoona wewe ni kichwa chake."

Alikuwa sahihi. Ni nguzo za majengo ya zamani zaidi, zilizolazwa ndani ya ukuta kama pini. Wajenzi wa Badr walitumia kila walichokuta: kwenye njia ya ndani ya ukuta kuna mawe yenye maandishi ya Mafarao, mengine yamewekwa kichwa chini.

Nikamwuliza kama hiyo itakuwa mbinu ya Waarmenia. Akasema yeye atajuaje, lakini fundi yeyote mwenye nguzo zilizoanguka na ukuta wa kujenga angeifikiria.

Jibu hilo ndilo lililonirudisha kwenye vitabu, na nikakutana na mzee mmoja aliyenifurahisha kuliko wote. Jina lake Abu Bakr, fundi wa Yerusalemu. Habari zake zimeandikwa na mjukuu wake, mwanajiografia al-Muqaddasi. Katika karne ya 9, Ibn Tulun, mtawala wa Misri mwenye asili ya Kituruki, aliiona bandari ya Tiro na ukuta wake akataka Akka ipate kama hiyo. Wakamwambia hakuna ajuaye kujenga ndani ya maji, isipokuwa labda Abu Bakr.

Abu Bakr akaagiza magogo manene ya mkuyu. Akayafunga pamoja juu ya maji, akayapanga kwa umbo la ngome, akaacha nafasi ya lango upande wa magharibi. Akaanza kujenga juu yake kwa mawe na chokaa. Kila baada ya safu tano akaufunga ukuta kwa nguzo nene. Jengo likazidi uzito, magogo yakazama polepole, na yalipokalia mchanga Abu Bakr akasimamisha kazi.

Akaliacha mwaka mzima, likae.

Baba nilipomsomea hapo aliniomba nirudie. "Mwaka mzima?" Akatikisa kichwa kwa heshima kubwa. Katika maisha yake ya ujenzi hakuna tajiri aliyewahi kumpa hata wiki mbili za kusubiri msingi.

Kazi ilipokwisha Ibn Tulun alimpa Abu Bakr dinari 1,000 na mavazi ya heshima, na jina lake likaandikwa pale.

Sasa angalia. Nguzo zilizolazwa zilikuwa Akka miaka 200 kabla ya Bab al-Nasr. Badr al-Jamali alikuwa gavana wa Akka. Nani alileta nguzo Kairo: mafundi wa Ruha, au bwana wao aliyewahi kuishi ndani ya ukuta wa Abu Bakr? Au fundi Mmisri ambaye jina lake halikuandikwa na yeyote, aliyekuwa na nguzo zilizoanguka na ukuta wa kujenga?

## Farasi wa al-Kamil

Kuna jambo jingine la al-Maqrizi ambalo nalipenda kwa sababu linaonyesha mtu akikataa desturi. Miji mingi ilijengewa mlango wenye kona, uingie, ugeuke, farasi wapunguze mbio na walinzi wakupige ubavuni. Baghdad ya mwaka 762 ilikuwa nayo. Kwenye Bab Zuwayla Badr hakuweka kona. Aliweka mteremko wa mawe makubwa ya matale, laini kabisa, ili farasi wa adui wakija kwa kasi kwato ziteleze.

Mteremko ule ulikaa zaidi ya miaka mia moja. Siku moja Sultani al-Kamil, aliyetawala kuanzia 1218, alipita hapo, farasi wake akateleza, naye akaamuru mawe yang'olewe.

Ukuta uliojengwa kwa ajili ya adui ulimtelezesha mwenye mji. Nimeukumbuka mteremko huo mara nyingi kwa sababu hauna kabila. Mtu alikaa, akautazama mlango uliopo, akawaza kwato za farasi.

## Ngao ndefu

Nirudi kwenye ngao, maana nazo zilinidanganya. Zile ndefu zenye ncha chini ni za umbo ambalo wengi wetu tumeliona kwenye picha za Wanormani na Wapiganaji wa Msalaba. Mimi nilipoziona nilijiambia moja kwa moja: hii ni athari ya Wazungu.

Lakini Wapiganaji wa Msalaba waliichukua Yerusalemu mwaka 1099. Ngao hizi zilichongwa mwaka 1087. Umbo hilo lilikuwa tayari limezunguka, majeshi ya Bizanti yalilijua, na mchongaji wa Bab al-Nasr aliliona mahali fulani kabla ya meli yoyote ya msalaba kuja.

Kuna kitu kilichokwenda kinyume pia. Upande wa ndani wa minara ya Bab al-Futuh kuna matao ambayo mawe yake yamevimba moja moja, kama mito midogo iliyopangwa kwa duara. Ukienda Yerusalemu, kwenye uso wa Kanisa la Kaburi Takatifu ambalo Wapiganaji wa Msalaba walilijenga upya katika karne ya 12, utakuta matao yenye mito ileile. Lango la vita la Wafatimi limetangulia, kanisa limefuata.

## Waliokuja kwa minyororo

Hapa pana jambo linaloniuma, na sitaki kulipita haraka.

Vitabu hupenda neno "athari". Athari za Kibizanti, athari za Kishami. Ukilisoma mara nyingi unaanza kuona athari kama upepo wa kaskazi, inavuma tu kutoka nchi moja hadi nyingine na kila mtu anatweka tanga.

Mwaka 1183 msafiri Ibn Jubayr, Muislamu kutoka Andalusia, alifika Kairo akakuta Sultani Salahuddin anajenga ngome mpya juu ya kilima. Msimamizi alikuwa Qaraqush, towashi aliyeaminiwa, ambaye alibomoa piramidi ndogo za Giza apate mawe. Ibn Jubayr aliwaona wafanyakazi. Anasema ni mateka wa Kirumi, yaani Wakristo waliotekwa vitani, wingi wao hauna hesabu, nao ndio wakatao mawe na kuchimba handaki kwenye mwamba.

Hawa nao walijenga. Miongoni mwao lazima walikuwepo waliojua jiwe, waliokuwa na baba mwashi kama mimi. Ukuta wa ngome ile unaonyesha maarifa ya pande nyingi, na maarifa mengine yalifika yamefungwa miguu. Nikilitumia neno "athari" peke yake, mateka wale wanapotea. Nikisema "kazi ya Salahuddin", wanapotea. Na niliposema "kazi ya Waarmenia", nilimpoteza Abu Bakr, na wabeba chokaa wa Kairo, na yule aliyekuja mbio kutoka Ruha kwa sababu nyumba yake haikuwa tena yake.

Niliandika upya kwenye kundi la familia. Iliniwia ndefu, karibu ukurasa mzima. Ami yangu hakujibu. Binamu aliuliza tena: na Fort Jesus?

## Ngomeni

Kwa hiyo nilimchukua Baba twende.

Mchoro wa ngome hiyo ni wa Giovanni Battista Cairati, mhandisi wa Milano aliyekuwa akiwatumikia Wareno wa Goa, kule India. Kazi ilianza mwaka 1593. Waomani waliizingira tangu 1696 wakaichukua 1698. Waingereza waliigeuza jela mwaka 1895. Na sisi wenyewe tumeyabeba haya mdomoni bila kujua: gereza ni neno la Kireno la kanisa, igreja, lililoishia kuwa jina la ngome na baadaye la kifungo. Husuni, kule Kilwa, ni la Kiarabu. Mzinga tuliutoa kwa nyuki tukampa baruti.

Haya yote nilikuwa nimejiandaa kumwambia Baba. Hakunipa nafasi. Alishuka taratibu mpaka chini ya ukuta, upande ambao mwamba wa matumbawe umekatwa wima na mawe ya kujengwa yanaanzia juu yake. Akapitisha kiganja mahali vinapokutana, akatafuta mstari. Akanionyesha alama za zana kwenye mwamba, fupi fupi, zote zimeelekea upande mmoja, mtu mmoja amefanya kazi kwa mkono wa kulia akienda nyuma hatua kwa hatua. Jua lilikuwa la saa sita.

"Waliokata hapa," akasema, "maji walikuwa wakinywa wapi?"

Sikuwa na jibu. Tukapanda, tukaingia ndani kutafuta kisima.